Matairi Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Nianze kwa kukiri kwamba sijawahi kuibiwa kitu cha maana maishani mwangu. Mara moja tu nilipoteza kandambili msikitini, na hata hizo nadhani kuna mzee alizivaa kwa kukosea, kwa sababu aliacha zake, tena nzuri kuliko zangu. Lakini kwa miaka miwili, kuanzia mwaka 1987, niliishi kama mtu ambaye wezi wote wa Mbarara wamekaa kikao juu yake. Sababu ilikuwa boti.

Boti yenyewe sikuinunua, niliibadilisha na pikipiki. Dereva mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akimwendesha mzungu aliyekuja kupima maji ya maziwa ya huku. Mzungu alipomaliza kupima alichukua injini yake akaenda zake, akamwachia dereva boti tupu na tela lake la magurudumu mawili. Dereva huyo aliogopa maji kuliko mtoto anavyoogopa sindano. Mimi nilikuwa na pikipiki, na nilikuwa nimechoka kuisukuma kila petroli ilipokosekana mjini. Tukaandikiana karatasi, tukashikana mikono uani kwake, nikarudi nyumbani kwa miguu nikipiga mluzi. Mke wangu akaniuliza pikipiki iko wapi. Nikamweleza. Akaendelea kupepeta mchele bila kusema neno, na kwa mke wangu hiyo ni hotuba ndefu.

Kazi yangu ilikuwa kuchuuza samaki. Nilinunua ngege na kambale kwa wavuvi wa Ziwa Nakivale, wengi wao wakimbizi wa kambi ya pale, nikawauza Mbarara sokoni. Mke wangu mwenyewe alizaliwa kambini humo. Wazee wake walikuwa Waislamu kutoka Rwanda, walikimbia zamani, yeye hajazaliwa. Baba yake alikwisha kufariki, na mama yake aliishi na binti wa mwisho katika nyumba ya udongo yenye paa la bati, upande wa pili wa ziwa, juu kidogo ya ufuko. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana. Boti ingekaa kwa mama mkwe. Nikienda huko ningezunguka nayo vijiji vya ufukweni kukusanya samaki, kisha ningevuka nao hadi ng'ambo, ambako pikapu ya samaki ilikuwa ikisubiri mzigo. Kichwani mwangu nilikuwa tajiri tayari, nimebakisha kununua kofia tu.

Siku ya kuipeleka, pikapu ililivuta tela na mimi nikakaa ndani ya boti, barabarani, nikipungia watu. Kabla ya kufika Kabingo palikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Askari mmoja akaja, akaizunguka boti mara mbili, halafu akanitazama huko juu nilikokaa.

"Hii iko meli ya nani?"

"Yangu, afande."

"Na wewe ndiyo kapteni?"

"Ndiyo, afande."

"Kapteni, shuka chini. Hapa hakuna maji."

Wenzake wakacheka, na mimi nikashuka. Alipomaliza kusoma karatasi ya makubaliano yangu na dereva, akalipiga teke tairi la tela, polepole, kama mtu anayebisha hodi. "Sikiliza, ndugu. Hii boti hakuna mtu nataka. Lakini hii tairi, wewe chunga sana. Watu takuja kwa sababu ya tairi."

Nadhani yule bwana alitaka kunisaidia. Miaka ile, baada ya vita, tairi lilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulikuwa tukiiona kwa kuhadithiwa. Mfanyabiashara jirani yetu alikuwa ameamka asubuhi akakuta gari lake limekaa juu ya matofali manne, limetulia kama kuku anayeatamia. Kwa hiyo neno la askari liliniingia mpaka kwenye mifupa. Kutoka Kabingo hadi kambini sikupungia mtu tena. Nilikaa nimegeuka nyuma, nikiyaangalia matairi.

Sasa nieleze wavuvi wa pale walivyokuwa wakifanya, ili ujue nilivyokuwa kichekesho. Mvuvi akirudi ziwani huuvuta mtumbwi wake ufukweni, akaacha kasia ndani, akaenda kulala. Kasia huachwa makusudi. Ukiwa na mgonjwa, au umeitwa msibani ng'ambo, unachukua mtumbwi wowote ulio karibu, unavuka, na kesho yake unaurudisha. Mtu akilificha kasia lake watu humuuliza ana ugomvi na nani. Katikati ya watu hawa nikaja mimi na mnyororo wa lori.

Nilifunga boti kwenye tela, nikafunga tela kwenye mti wa mparachichi uani kwa mama mkwe, nikatia kufuli tatu. Funguo nikazining'iniza kiunoni kwa uzi. Wiki ya pili nilioga ziwani, uzi ukakatika, funguo zikazama. Nikazitafuta mpaka macho yakawa mekundu, kisha nikatafuta jiwe. Nilizipiga kufuli zangu kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, nikizitukana kwa lugha nne. Mtu wa kwanza kuvunja kufuli za boti ile, na wa mwisho, nilikuwa mimi mwenyewe.

Mchana huo wote jirani wa mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigogo akishona nyavu na kunitazama. Alikuwa mvuvi mzee, mkimbizi kama wenzake, mguu mmoja umekauka kwa ugonjwa wa utotoni, na alikuwa hajali kumkasirisha mtu.

"Bwana ya boti," akaniita. "Hii ziwa iko moja tu. Huku ni siye, kule ni siye. Mwizi ataipeleka fasi gani? Ataibeba ku kichwa?"

"Si boti, mzee. Matairi."

"Ah! Matairi." Akaukata uzi kwa meno. "Basi yatoe ulale nayo."

Alikuwa akinitania. Mimi nikaona ni hekima, ila kwanza nikajaribu kengele. Nilinunua kengele ya ng'ombe sokoni Isingiro nikaifunga kwenye mnyororo, ili mwizi akigusa tu kijiji kizima kisikie. Kijiji kizima kilisikia kweli. Siku ya kwanza watu walitoka mbio na mapanga, wakamkuta mbuzi anajikuna mgongo kwenye tela. Siku ya pili wakatoka wachache, na mbuzi ni yuleyule. Siku ya tatu nilitoka peke yangu. Tangu hapo kengele ikawa ya mbuzi na mimi.

Ndipo nilipokumbuka maneno ya mzee kuhusu kulala na matairi. Ila mimi siku nyingi nilikuwa Mbarara, na nikija huku nililala kwenye kibanda cha wageni ambacho mlango wake ulikuwa gunia. Nikafikiri sana. Mtu akikosa akili Mungu humpa muda mwingi wa kufikiri. Nikapata jibu, na jibu lilitokana na mama yangu.

Baba yangu alikuwa mtu wa Ujiji aliyeletwa Mbarara na biashara ya chumvi, lakini mama yangu alikuwa Muganda, na Waganda wana hofu moja kubwa, wanaiita obuko. Mwanamume akimgusa mama mkwe wake, au akiingia anapolala, ugonjwa wa kutetemeka humshika na haumwachi. Mama alinionyesha nikiwa mdogo mjomba mmoja aliyekuwa akimwaga nusu ya chai yake kabla kikombe hakijafika mdomoni. "Unaona?" akaniambia. Nikaona. Sikuuliza kama mjomba alikuwa na miaka themanini.

Kwao mke wangu mambo hayakuwa hivyo. Wana heshima yao kwa wakwe, lakini haifiki huko. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwa mama mkwe alininyooshea mkono, na mimi nikajificha nyuma ya mjomba wa mke wangu. "Huyu mutoto iko mugonjwa?" akauliza. Alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. "Siye kwetu mukwe anakuheshimu, hakukimbie!" Lakini hakunilazimisha. Tangu siku hiyo, kila alipotaka kutoka chumbani na mimi nipo sebuleni, alikohoa kwanza, kikohozi kifupi, ili nipate kugeuka upande mwingine. Alinitunzia hofu yangu kana kwamba ni dini.

Basi nikawaza: nikiyatia matairi chumbani kwa mama mkwe, chini ya kitanda, nani atayafuata? Mwizi gani ataingia chumba cha mjane mwenye wajukuu? Hata hapo nilipokuwa nikiwaza nywele zilinisisimka. Kufuli la chuma huvunjwa kwa jiwe, heshima utaivunja kwa kitu gani? Maneno hayo niliyapenda mno, nikayarudia kwenye baraza za Mbarara kwa mtu yeyote aliyekuwa na kikombe cha kahawa na hana pa kwenda. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi mwenyewe nitaingiaje.

Tukaanza hivyo. Nikifika, nilipiga hodi, na shemeji yangu, yule binti wa mwisho, aliyaburuta matairi hadi sebuleni. Mimi nilifunga nati, majirani wawili watatu wakanisaidia kuteremsha tela majini, nikawapa samaki. Nikimaliza safari zangu tulipandisha boti uani, nikalishusha tela juu ya mawe, nikafungua matairi, shemeji akayarudisha chini ya kitanda. Kabla ya kuondoka nilisimama mbele ya pazia la chumba na kusema, "Mama, nakuachia." Yeye akajibu kutoka ndani, "Iko sawa, mukwe. Uende na amani." Na nikirudi neno langu la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Yapo?" Yalikuwapo. Sikuwahi kumuuliza alilalaje.

Ikapita miaka miwili hivyo, na wakati wote huo nilijiona mwerevu. Katika masika ya mwaka 1989 kulikuwa na harusi ng'ambo, upande wa kusini wa ziwa, binti wa kijiji cha mama mkwe akiolewa huko. Wazee walinitumia ujumbe Mbarara: tunaomba boti yako imvushe bibi harusi, mitumbwi yetu ni myembamba na nguo zitalowa. Nikajibu kwamba nitaangalia. Mtu wa Mbarara akisema ataangalia, usimsubiri. Niliogopa kwamba boti ikishatoka, matairi yatabaki kwenye tela ufukweni siku nzima, na siku ya harusi wageni ni wengi. Wakaelewa. Bibi harusi akavuka na mtumbwi mwembamba, akiwa ameishika nguo yake juu ya magoti.

Siku hiyohiyo ya harusi ndiyo niliyokuja kutafuta samaki, kwa maana harusi yenyewe nilikuwa nimeisahau. Mvua zilikuwa zimekata barabara mahali penye kinamasi, gari halikuweza kulizunguka ziwa, na mimi nilizunguka kwa baiskeli nikiibeba begani kila penye matope. Pikapu ilikuwa imebaki upande wa Mbarara, tumepatana inisubiri hadi saa tisa alasiri. Nilifika kijijini kama saa tano, nikashangaa ukimya. Ufukweni hapakuwa na mtumbwi hata mmoja. Nikapanda kwa mama mkwe, nikapiga hodi.

"Karibu," ikajibu sauti kutoka chumbani, na haikuwa sauti niliyoizoea.

"Mama, habari za hapa? Yapo?"

Naam, hilo ndilo nililouliza. Sitalificha.

"Iko," akasema. Halafu nikasikia anavuta hewa kwa meno. "Mukwe, tumbo. Inanikata tangu juzi. Batu bote bameenda ku ndoa. Nilisema na mutoto aende, nikafikiri itapoa."

Nikatupa baiskeli na kukimbia kutafuta mwanamke yeyote, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilikuta kuku na watoto wadogo na bibi mmoja asiyeona. Mtu mzima pekee niliyempata ni yule mzee wa nyavu, aliyekaa kwenye kigogo chake kwa sababu ya mguu. Nikamweleza. Akasimama mara moja, akachukua fimbo. "Huyu ni wa kupeleka Mbarara," akasema. "Dawa ya hapa alishapewa. Tangulia, ufunge matairi. Niko nakuja." Nikatangulia. Nilikuwa nimefika mlangoni ndipo neno lake likanigonga: nifunge matairi.

Nilisimama sebuleni nimelipa pazia mgongo.

"Mama, tunakwenda hospitali. Tutavuka na boti."

"Basi vuta boti."

"Boti haina matairi, mama."

Kutoka uani hadi majini ni mteremko wa mawe, na ile haikuwa boti ya kuburutwa na mtu mmoja na mzee mwenye mguu mbovu.

"Mzee yuko njiani," nikasema. "Atakuja kuyatoa."

"Na ule muguu? Atafika kesho." Hata katika maumivu yale aliweza kutania. Kisha sauti ikashuka. "Ingia, mukwe. Ingia uchukue. Mungu anaona."

Niligeuka. Nilipiga hatua moja kuelekea lile pazia la maua mekundu, na mkono wangu nikauinua. Nikamwona mjomba na kikombe chake cha chai. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina mabega ya kupiga makasia, nimepita na baiskeli kwenye matope ya magotini bila kupumzika, na nikaurudisha mkono.

"Mama, siwezi," nikasema.

Nikasikia kitanda kinalia, kisha mtu anatua chini kwa magoti. Halafu nikasikia kile kikohozi kifupi, na mimi, kwa mazoea ya miaka, nikageuka upande mwingine. Nyuma yangu kitu kizito kikaanza kuburutwa. Kiliburutwa kidogo, kikasimama, kikaburutwa tena. Tairi likapenya chini ya pazia, likaviringika hadi katikati ya sebule, likaanguka kwa ubavu karibu na mguu wangu. Kisha nikasikia pumzi zake. Nilikuwa nikiomba Mungu mzee afike, na hapohapo nikiomba asifike akaniona. Baadaye la pili nalo likaanza kuburutwa.

Mzee alipoingia yote mawili yalikuwa miguuni pangu, na mama mkwe alikuwa amekaa chini mlangoni mwa chumba, kitenge kimemfunika mpaka kichwani, ameegemea ukuta.

"Nani alitoa hii?" mzee akauliza.

"Mama."

"Na weye?"

"Nilikuwa hapa."

Alinitazama kwa muda ambao bado naukumbuka. "Basi kaza nati," akasema.

Nikakaza nati, mikono ikinitetemeka bila hata ya kumgusa mtu. Mzee, ambaye hakuwa mkwe wa mtu pale, alimshika mama mkwe mkono akamwongoza polepole, akamlaza ndani ya boti juu ya magodoro mawili, boti ikiwa bado iko juu ya tela uani. Kisha tukateremka. Mimi nilikuwa mbele nimeshika chuma cha tela, visigino vimechimba ardhi, na mzee nyuma akivuta kamba na kulaani mawe. Tela lilitaka kutukimbia kila hatua. Na ile kengele ya ng'ombe nilikuwa nimesahau kuifungua, ikalia njia nzima hadi majini. Hakuna mtu aliyetoka kuangalia, walikwisha kuizoea.

Tulipoishusha boti majini niliacha tela palepale, nusu ndani ya maji, matairi yamo, halijafungwa kwa mnyororo wala kufuli. Sikuligeukia. Nilipiga makasia nikiwa nimempa mgonjwa mgongo, maana mpiga makasia hutazama alikotoka, na yeye alilazwa upande wa mbele. Mzee alikaa karibu naye akichota maji kwa kopo na kumsomea alichokijua. Kila boti iliporushwa na wimbi nilimsikia akiguna, na kila alipoguna niliongeza nguvu. Viganja vilichubuka. Nilifurahi kwamba vilichubuka.

Dereva wa pikapu alituona kwa mbali akaja mpaka majini. Yeye na mzee walimbeba mgonjwa hadi garini, mimi nikishika mlango. Tulifika Mbarara jua linakaribia kuzama, na jioni hiyohiyo akapasuliwa. Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari alituambia tumemuwahi, lakini si kwa nafasi kubwa, akauliza kwa nini mama wa umri huu amekaa na maumivu siku tatu. Nikamjibu kwamba barabara ilikuwa mbaya. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni, mtoto wetu mgongoni. Hakusema kitu.

Alisema asubuhi yake, tumekaa kwenye nyasi nje ya wodi, tukinywa uji.

"Si barabara," akaniambia. "Mzee amenieleza. Zahanati ya kambini walimwandikia karatasi ya kuja Mbarara tangu siku ya kwanza, na wavuvi walikuwapo, wangemvusha. Alikataa. Alisema hana wa kumwachia nyumba."

"Nyumba ina nini cha kuiba?"

Akanitazama.

"Tangu ulete matairi yako," akasema, "mama hajalala nje ya nyumba ile hata siku moja. Dada yake alipofariki Ngarama, alikwenda mazishini akarudi jioni hiyohiyo kwa miguu. Mtoto huyu alipozaliwa ulisema mama yangu hapendi safari. Nani alikwambia hapendi safari? Alikuwa analilia kuja. Ananiuliza mpaka leo mtoto ana nywele za nani. Panya akipita usiku anaamka kuyapapasa chini ya kitanda. Kulisema jambo hilo hawezi, anasema mkwe amemwamini."

Nilikiweka chini kikombe cha uji. Nilitaka kujitetea, na mimi kwa kujitetea sina mpinzani, lakini hesabu ilinikataa. Miaka miwili nilitafuta mlinzi asiyelala, na nilikuwa nimempata, mjane wa miaka sitini na ushee, na mshahara wake ulikuwa swali moja: yapo? Niliona aibu ambayo hata leo nikiandika inanipanda shingoni.

Muuguzi akatoka kutuita. Mgonjwa ameamka, anamtaka mkwe wake. Mke wangu akaingia na mtoto, mimi nikasimama nje ya mlango wa wodi ya wanawake, ubavu ukutani, mahali ambapo nasikia na sionekani. Kitanda chake kilikuwa cha kwanza. Nikamsikia anamsalimia mjukuu, anamuuliza jina, anasema kumbe nywele ni zake yeye. Kisha akakohoa kidogo. Kikohozi kilimuumiza, nikasikia.

"Mukwe, iko hapo?"

"Nipo, mama."

"Matairi uliacha wapi?"

Matairi nilikuwa nimeyaacha ufukweni, na kwa jinsi watu wa kijiji kile walivyo, nilijua hakuna aliyeyagusa.

"Nani analala nayo?" akauliza tena, na nikasikia kitanda kinalia, kana kwamba anataka kuinuka. Mke wangu akamwambia atulie, mshono utafumuka. "Mutoto iko peke yake kule," akasema, "yeye analala sana, hasikii kitu."

"Mama," nikasema, "yameibiwa."

Mke wangu alitoa kichwa mlangoni akanitazama.

"Yote mbili?"

"Yote mawili, mama. Jana hiyohiyo. Tumeshayakosa."

Nikamsikia akivuta pumzi ndefu na kuitoa polepole.

"Alhamdulillahi," akasema.

Kisha akamwambia binti yake amwekee mto vizuri, na amtoe mtoto nje kidogo, kwa sababu sasa anataka kulala.